Bembea kwenye Kona ya Mzee Opondo

Machi 9, Jumapili

Leo tumefungua uwanja wa watoto. Nasema "tumefungua" kana kwamba kulikuwa na utepe na wageni wa heshima. Nilikaza nati ya mwisho ya bembea, nikaivuta mara mbili kwa uzito wangu wote, nikasema haya, pandeni. Watoto wa mtaa wetu wa Nyalenda hawaambiwi mara mbili. Nilianza kuwahesabu, nikafika arobaini na wawili, kisha wakachanganyika nikaacha.

Uwanja ni neno kubwa. Ni kona ya boma la Mzee Opondo, pale alipokuwa akifunga ng'ombe zamani, alipokuwa bado na ng'ombe. Tumeinua kwa kifusi ili maji yasisimame. Kuna bembea ya viti vitatu, mtelezo wa bati nene, na gurudumu la kuzunguka nililolitengeneza kwa beringi ya lori lililokufa. Mabomba nilipewa na Kangethe wa vyuma chakavu, akakataa hata kunisikiliza nilipoanza kumshukuru. Kuchomelea nimechomelea mwenyewe. Miaka thelathini nimewachomelea watu mageti ya kufungia wengine nje, na hiki ndicho kitu changu cha kwanza kisicho na komeo.

Mzee aliketi mlangoni kwake, shuka magotini, anacheka kila mtoto akiteleza, anacheka mpaka anakohoa. Mkewe, Mama Seline, alitoka mara moja tu. Alishika kiuno akasema, "Hii kelele itaisha saa ngapi?" Akarudi ndani akabamiza mlango.

Mjukuu wangu Sheryl alipanda mara nane. Mama yake, binti yangu Lorine, hakuja. Alisema ana samaki wa kukaanga.

Machi 12

Mvua ya kwanza. Nimeweka ndoo pale pale palipovuja mwaka jana.

Machi 14

Sitaki kuandika habari za Brandon, lakini mvua hii hainipi nafasi ya kuwaza kitu kingine.

Ilikuwa Mei mwaka jana. Alikuwa na miaka saba, kaka yake Sheryl. Lorine alikuwa sokoni, mimi ndiye niliyebaki naye. Nilikuwa nachomelea geti la mtu, nimevaa miwani nyeusi, na ukivaa ile miwani huoni kitu ila ule moto. Watoto walikuwa wanacheza mpira barabarani kwa sababu kwingine hakuna. Kila kiwanja nilichokikuta nilipohamia hapa kutoka Samia sasa ni nyumba za kupanga. Mpira uliingia kwenye mtaro uliojaa, naye Brandon akaufuata. Nilipovua miwani watoto wenzake walikuwa wanalia.

Bustani za mjini zipo, zina nyasi na miti na viti vya kukalia. Lakini kutoka hapa ni safari na nauli, na hakuna mama wa Nyalenda anayeweza kumpeleka mtoto huko kila jioni. Mtoto huchezea karibu na mlango wa kwao. Karibu na mlango wa kwao kukiwa na mtaro, basi atachezea mtaro. Hayo nilimweleza chifu, nikamweleza diwani, nikaambiwa niandike barua. Mzee Opondo peke yake ndiye aliyenisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Wabwire, chukua ile kona."

Lorine hajanilaumu hata siku moja. Ningependa anilaumu. Tunakula meza moja na ananiwekea kipande kikubwa cha samaki, na hanitazami.

Machi 19

Naibu wa chifu alipita kwenye kibanda changu cha kazi. Akausifu uwanja, kisha akaniuliza, "Fundi, uko na karatasi?"

Nikamwambia Mzee alinipa kwa mdomo.

"Yawa! Mzee ni mgonjwa. Akiondoka, hao vijana wake wa Nairobi watakujua wewe kama nani?"

Mchana huo nikaenda duka la kuchapisha. Ni karatasi moja tu. Inasema Mzee anaiachia ile kona iwe ya watoto kuchezea, na chini kuna mstari wa sahihi au kidole gumba. Nimeikunja mara nne nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Kesho nampelekea.

Machi 21

Nilikwenda. Tukanywa chai. Karatasi ilikuwa kifuani pangu muda wote na sikuitoa.

Hapa, na kwetu Samia pia, humwendei mzee mgonjwa na karatasi ya ardhi. Ni kumwambia uso kwa uso kwamba unaona anakwenda, hivyo amalizane nawe kwanza. Tena mimi ni nani? Wajaluo, wenyeji wa hapa, wana neno lao, jadak, mtu aliyekaribishwa kukaa kwenye ardhi ya mwenzake. Jadak hamwonyeshi mwenye boma mahali pa kutia kidole.

Nilipokuwa nainuka Mzee aliniuliza, "Uko na neno, Wabwire?"

"La, Mzee. Nilikuja kukusalimu tu."

Machi 22

Mvua. Sikwenda.

Machi 25

Nilikwenda. Tuliongea juu ya mahindi. Nilishika mfuko, nikauachilia. Kesho.

Machi 28

Mama Seline amewamwagia watoto maji ya kuoshea vyombo. Walikuwa wanaimba kwenye gurudumu. Alitoka na karai, akawamwagia na kurudi ndani. Sheryl alifika nyumbani na punje za wali kichwani.

Nimewahi kukutana na chuma kigumu, lakini kile ukikipa moto wa kutosha hulainika. Huyu mama sijui ukimpa nini.

Aprili 2

Nilikwenda. Mzee hakuketi nje leo, alikuwa kitandani. Nikaona aibu mara mbili. Mvua ikikatika nitakwenda na nitaitoa, liwalo na liwe.

Aprili 6, Jumapili

Siku tatu mfululizo haijakatika. Ziwa linapanda, watu wa kule chini wamehamisha magodoro. Mtaro umejaa mpaka ukingoni, maji yana rangi ya chai ya maziwa, na yanakwenda kwa kasi.

Jioni ilipotulia kidogo nilitoka nikatembea barabara yote, kutoka kibandani mpaka kwenye daraja. Hakukuwa na mtoto hata mmoja barabarani. Wote walikuwa kwenye kona, juu ya kifusi, miguu mikavu, wanasukumana na kugombania zamu. Niliegemea mlingoti wa bembea nikalia kama mtoto mdogo. Nililia kwa furaha na kwa uchungu, na sikujali nani ananiona. Laiti uwanja huu ungekuwepo mwaka mmoja mapema.

Nilipoingia kumjulia hali Mzee, mwanawe mkubwa, Okello, alikuwa kwenye simu. Mzee akanipa niongee naye.

"Fundi, nasikia unafanya kazi ya Mungu huko! Si unitumie picha? Hata na hiyo kifusi, nione vile mmeinua."

Kijana mzuri. Nilimtumia picha sita. Karatasi sikuitaja, kwa kuwa mwana naye huwezi kumwambia baba yake anakufa.

Aprili 9

Kesho.

Aprili 13, Jumapili

Wamempeleka Mzee hospitali. Walimbeba kwa kiti chake cha plastiki mpaka barabarani kwa sababu gari halikuweza kuingia kwenye matope. Nilishika mguu mmoja wa kiti. Alinitazama akatabasamu, akatazama koti langu. Nilidhani ameona jinsi lilivyochakaa.

Aprili 15

Mzee Opondo amefariki leo asubuhi. Karatasi iko mfukoni.

Aprili 19

Okello amefika kutoka Nairobi. Hakuja peke yake. Alikuwa na mnunuzi, mtu mwenye buti za mpira na futi ya kupimia, ile ndefu ya kukunja. Walianza na kona. Nilikuwa natia grisi kwenye beringi, watoto wakiwa juu ya mtelezo, na yule mtu akapitisha futi yake katikati yao kama hawapo.

"Ni kama kwa picha," alimwambia Okello. "Hapa ndipo kukavu. Gorofa inaanzia hapa."

Nikamwita Okello kando. "Okello, Mzee alitoa hii kona kwa watoto."

"Najua, Fundi. Na mi naappreciate sana. Lakini alikupatia wapi? Iko kwa maandishi?"

Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Ningemwonyesha nini? Mstari mtupu?

"Ni ya mdomo," nikasema.

"Basi unaona." Akaniwekea mkono begani kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko angenitukana. "Tukishazika, utapewa siku ung'oe vyuma vyako. Hakuna mtu atakuibia."

Kwa hiyo ni mimi. Niliipandisha kona kwa kifusi ili mtoto asikanyage maji, nikaipiga picha, nikampelekea muuzaji. Wiki tatu nzima nilikuwa na dawa mfukoni na nikaona haya kuitoa, na sasa wanajenga gorofa. Wapangaji wa gorofa watakuwa na watoto, na watoto hao watachezea barabarani. Nimekaa nalo hili jioni yote na sioni mahali pa kutokea.

Aprili 20, Pasaka

Nilikwenda kanisani. Sikusikia neno.

Aprili 24, Alhamisi

Mwanamume mwenye boma huzikwa ndani ya boma lake, upande wa kulia wa nyumba yake. Ndivyo Wajaluo wanavyofanya na hakuna anayebishana. Vijana walianza kuchimba hapo alfajiri. Kufika saa tatu maji yalikuwa magotini. Wakachota kwa ndoo, yakarudi. Wakasogea hatua kumi, yakawa yale yale. Bwana mmoja wa ukoo alishuka shimoni na kutoka akitikisa kichwa.

Wazee wakaketi chini ya turubai. Mimi nilisimama nyuma na wapangaji wenzangu. Okello akainuka akasema kwa heshima kwamba yeye ana ploti kule Awasi, juu, udongo mkavu, njia nzuri, na angependa baba yake apumzike huko. Wengine wakaguna, wengine wakanyamaza. Nikaelewa haraka yake. Kaburi likiwa Awasi, boma lote la hapa linabaki wazi kuuzwa.

Ndipo Mama Seline alipoinuka. Tangu msiba hajasema kitu mbele ya watu. Alikuwa amejifunga shuka la marehemu kiunoni.

"Opondo hawezi kulala kwa ploti ya kununua," akasema. "Ako na boma."

"Mama, boma imejaa maji," Okello akamwambia.

"Si yote." Akanyoosha mkono, na mkono ule ulielekea kwenye kona. "Alisema mwenyewe, na mdomo yake, siku ya hospitali. Azikwe pale kwa bembea."

Hakuna anayepinga neno la mwisho la mwenye boma likitoka kwa mkewe. Wazee walitazamana, mkubwa wao akasema imekwisha. Okello akaketi.

Hatimaye amepata, nilijisemea. Maji ya karai hayakutosha, sasa anawafukuza kwa kaburi. Alinitafuta kwa macho kati ya watu akasema, "Fundi, toa chuma zako. Watu wachimbe."

Nilileta grainda. Nilikata milingoti minne niliyoichomelea kwa mkono wangu, cheche zikiruka kwenye matope na kuzimika. Watoto walisimama kwenye ua wakitazama. Sheryl aliuliza, "Babu, imekosa nini?" Nikaendelea kukata. Lile shimo lilikuwa kavu mpaka chini.

Aprili 26

Tumemzika. Mvua ilinyesha kuanzia maombi hadi mchanga wa mwisho, na nilisimama chini yake kwa koti lile lile. Nilimpenda yule mzee, naye nilimwangusha.

Aprili 28

Mtelezo upo, gurudumu lipo. Hakuna mtoto. Akina mama wamewakataza kucheza karibu na kaburi bichi, na siwalaumu. Milingoti ya bembea nimeiegemeza ukutani kwangu.

Mei 1

Jioni nilikuwa kibandani. Nilivua miwani ili nipumzishe macho, na nikaona watoto barabarani wamejipanga kando ya mtaro, wanashindanisha vifuniko vya chupa juu ya maji. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Sheryl. Alikuwa ameinama, mkono mmoja ndani ya maji, na tope la ukingoni lilikuwa linameguka chini ya kiatu chake.

Sijui nilifikaje. Nilimshika kwa gauni nikamvuta tukaanguka pamoja. Nilipoinua kichwa Lorine alikuwa amesimama hapo na beseni la samaki, amerudi kutoka sokoni. Aliangalia mtoto, akaangalia mtaro, akaniangalia mimi. Mwaka mzima hajaniangalia hivyo.

"Baba, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, Lorine. Nimemwona."

"Ulikuwa wapi?" Alipiga kelele, beseni likaanguka, samaki wakatawanyika matopeni. "Siku ile! Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya geti na ile miwani, na kwamba sikusikia. Nilimwambia yote pale barabarani, watu wakitazama. Aliketi chini akalia, nami nikaketi, Sheryl katikati yetu. Baadaye tuliokota samaki tukawaosha. Usiku hakuniwekea kipande kikubwa. Aliweka sahani katikati, tukala pamoja.

Mei 4, Jumapili

Okello amerudi Nairobi. Naibu wa chifu anasema yule mnunuzi alifika, akaona kaburi, hakushuka hata garini. Hatakuja tena. Nilidhani ningefurahi. Lakini kona ni tupu na watoto wako mtaroni, kwa hiyo nimepata nini?

Mei 6

Mama Seline amekuja hapa kwangu. Mwenyewe, kwa miguu, kwenye mvua, na mjane wa juzi hapaswi kuzunguka nyumba za watu. Nilimpa kiti. Hakuketi.

"Wabwire, hiyo karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani, Mama?"

"Ya mfuko. Kila siku unakuja kwangu, unakunywa chai yangu, unashika mfuko, unaachilia. Unadhani sisi hatuna macho?"

Masikio yalikuwa yananiwaka.

"Opondo alikuwa anakungoja," akasema. "Ukitoka tu ananiambia, Seline, leo pia hakutoa. Mimi namwambia, si umuulize? Anasema, wacha, ataona aibu, atafikiria namfukuza. Siku ya kubebwa alikuangalia hiyo koti. Hukutoa. Basi akaniambia nimzike kwa bembea. Akasema hakuna mtu ananunua kaburi."

Siwezi kuandika vizuri nilivyohisi. Wiki tatu tulikuwa wawili tunaoneana haya juu ya kikombe cha chai, kila mmoja akimngoja mwenzake, na mmoja wetu hakuwa na muda. Nililia mbele yake. Yeye hakulia. Alisubiri nimalize.

"Mama, mimi nilifikiri unawachukia watoto. Ulikuwa unawamwagia maji."

"Walikuwa wanaamsha mgonjwa!" Sauti yake ikapasuka hapo. "Sasa watamwamsha nani? Kumekuwa kimya mpaka nasikia panya wakitembea kwa dari. Rudisha bembea. Iweke kando yake, hapo hapo."

"Watu wanaogopa kaburi."

"Wanaogopa Opondo? Nitaketi hapo mwenyewe na kiti yake, nione mama gani atakuja kuniambia kaburi la mzee wangu ni mbaya." Akanyoosha mkono. "Leta karatasi. Si niko na kidole?"

Niliingiza mkono mfukoni. Ilitoka ikiwa donge. Mvua ya mazishi ilikuwa imepita ndani ya koti, maneno yote yamekuwa doa moja la bluu, na nilipojaribu kuikunjua ilikatika vipande viwili. Nilimwonyesha.

"Andikisha ingine," akasema. "Ama na mimi utanionea aibu mpaka nife?"

Lorine alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alimshika Mama Seline mkono ili amrudishe kwake, akamwita Sheryl wafuatane. Walipofika nje Lorine aligeuka akaniambia, "Baba, vile viti vya bembea uliviweka wapi? Nitavisugua kutu."

Nje ilikuwa inamwagika. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka kusema nitakwenda ikikatika. Niliufunga, nikaweka yale makaratasi yaliyokatika juu ya meza, nikatoka.

Kijana wa duka la kuchapisha alinitazama nilivyolowa, viatu vikitoa maji sakafuni kwake. "Fundi, si ungengoja hii mvua iishe?"

Nilimwambia achape.